Dua ya Mkate

Burulkan alikuwa anamenya viazi jikoni kwa jirani yake Sabira alipojisikia mwenyewe, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye bakuli la sukari, akimsamehe mtu ambaye hajamsamehe.

Kisu kikasimama. Sauti ilikuwa yake, hapana ubishi, na kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kusema jambo zito. "Mungu atusamehe sote," ilisema, "na sisi tusameheane. Njia zenu ziwe wazi, nyumba zenu zisipungukiwe watu. Amin." Kisha kikaingia kinanda, cha polepole, kile cha kuwaliza watu kwa makusudi, na sauti nene ya kijana ikanong'ona kwamba huyo ndiye Burulkan wa Ak-Kechuu, mwanamke aliyeusamehe mto.

Sabira alikuwa anajifuta macho na aproni. "Umeniliza, dada. Miaka yote hii tunakuombea moyo wako ulainike, kumbe umelainika na hujatuambia."

"Rudisha nyuma."

"Wapi?"

"Hapo pa dua. Rudisha."

Alisikiliza mara tatu, kichwa kainamisha, sikio karibu liguse simu. Mara ya tatu akagonga kidole mezani. "Umesikia? Hapo kwenye 'tusameheane'. Kuna mtu anamega mkate."

"Mimi nasikia dua, dada. Mkate wa nini?"

"Hiyo ni dua ya mkate, Sabira. Niliiomba pale studio kabla ya chai, kabla hata hawajaniuliza swali la kwanza. Wameichukua wakaibandika mwisho."

Sabira alimtazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mtu aliyeanza kusahau sahau. Hilo ndilo lililomuuma Burulkan kuliko kinanda. Aliinuka, akaacha viazi nusu vimemenywa nusu na maganda, akaenda zake kwake.

Sasa huyu Burulkan si mtu wa kubabaika na vitu. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa mpimaji wa maji wa kijiji cha Ak-Kechuu. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, theluji au jua, alishuka mpaka kwenye nguzo yenye alama za sentimita iliyosimamishwa ndani ya mto, akasoma, akaandika kwenye daftari. Sikukuu aliandika. Siku aliyojifungua alimtuma mumewe, kisha akamuuliza mara mbili kama alisoma kwa kuinama au kwa kusimama. Siku hizi pale mtoni pana mashine inayojisomea yenyewe, na Burulkan ana miaka sitini na tisa, lakini bado anashuka, maana mashine haiamini.

Mwezi wa tatu, miaka ishirini na miwili iliyopita, aliandika pembeni ya vipimo vyake: waya wa kushoto wa daraja la kuning'inia umelegea. Akanakili ukurasa ule, akaupeleka wilayani kwa mkono wake. Mkuu wa wilaya, mtu anaitwa Osmonaliev, akaupokea. Wiki mbili baadaye mkuu huyo huyo akatia saini karatasi nyingine, inayosema daraja limekarabatiwa na liko salama. Hakuna hata msumari uliogongwa. Mwezi wa tano waya ukakatika, watu sita waliokuwa darajani wakafa, mmoja wao Kunduz, binti wa pekee wa Burulkan, miaka kumi na tisa, aliyevuka peku kwa sababu hakutaka viatu vyake vipya vishike vumbi. Viatu alivishika mkononi. Kimoja kilipatikana.

Mwaka wa pili Osmonaliev alizunguka nyumba zote sita na kondoo. Kule, mkosaji akija na kondoo, ukamfungua kamba, ukamchinja, mkala pamoja, basi neno limekwisha, na hakuna wa kulifufua tena. Nyumba tano zilikula. Sizilaumu, walikuwa wamechoka. Wazee walikaa uani kwa Burulkan tangu asubuhi, wakimbembeleza, wakimkaripia, wakimbembeleza tena, na jioni kondoo alirudi kwa mwenyewe akiwa hai. Tangu hapo mkaidi ndilo likawa jina lake la pili, na yeye akalivaa bila shida.

Basi mtu kama huyo akasikilizwa na watu laki nne akisamehe.

Kipindi chenyewe, podikasti inayoitwa Kisima, kilikuwa cha Tilek, kijana wa mji mkuu, Bishkek, mwenye miaka thelathini na minne na sauti ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaipenda. Aliwaita watu wenye maisha ya ajabu: mchimbaji aliyefukiwa siku tisa, daktari aliyekuwa jela, mama aliyelea yatima kumi na wanne. Alikaa nao saa mbili, tatu, akiwauliza habari za maana ya maisha, na hakukurupuka wala hakumkatiza mtu. Tusimdhulumu, kusikiliza alijua. Ila mwisho wa kila kipindi mgeni ilibidi awe amejifunza kitu. Mchimbaji alijifunza shukrani, daktari akajifunza upendo. Na mgeni akiwa mzee, alifunga kwa dua, wasikilizaji wakiinua viganja huko huko waliko, kwenye magari na majikoni.

Pale studio walikuwa wameandaa meza: mkate, vimaandazi vya boorsok, jamu ya aprikoti. Vipaza sauti vilikuwa tayari vimewashwa, ili mgeni azoee, walisema. "Apa," Tilek alimwambia, kama vijana wa kule wanavyomwita kila mama mtu mzima, "tuombee mkate." Akauombea, kwa maneno yale yale anayoyaombea kila mkate tangu alipoolewa. Ndipo wakaanza.

Alisema kila kitu. Daftari, waya, saini, kiatu. Tilek macho yalimjaa maji. Kisha akavuta pumzi na kuuliza, taratibu, "Apa, huu mto, baada ya yote, umekufundisha nini?"

"Mto haunifundishi. Mimi naupima."

"Nina maana maumivu yale. Wenye hekima wanasema maumivu yasiyo na maana hayabebeki."

"Mimi nimeyabeba miaka ishirini na miwili. Hayana maana yoyote, na mgongo wangu mzima."

Tilek akacheka kidogo, cheko la mtu aliyepoteza ukurasa. "Lakini umesamehe?"

"Sijasamehe. Na usiniulize mara ya pili."

Pembeni, nyuma ya kioo, msichana mwenye hedifoni shingoni alikuwa ameinua kichwa akimtazama Burulkan moja kwa moja. Huyo alikuwa Ayperi, fundi wao wa sauti, ambaye kazi yake ni kukata vikohozi na kurefusha kinanda. Baada ya kipindi ndiye aliyemsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, akamfungia mkanda, akamtajia jina lake, akasema, "Ahsante, apa," akarudi ndani.

Siku ya tatu tangu kipindi kitoke, Burulkan alikuwa anapanda kutoka mtoni na daftari lake alipoona gari jeupe langoni kwake. Mzee mmoja alikuwa ameinama anafunga kamba kwenye nguzo ya lango. Mwisho wa kamba alikuwepo kondoo mnene, mweupe, kichwa cheusi.

"Osmonaliev," alisema.

Mzee akageuka. Umri ulikuwa umemkausha, fimbo mkononi, kofia nyeupe ya sufu kichwani. "Burulkan. Nimekusikia. Nimesikiliza mara mbili, nimelia mpaka wajukuu wakaogopa. Sasa naweza kufa vizuri."

"Mfungue kondoo wako uondoke naye."

"Umesema mwenyewe."

"Sikusema."

"Kwa mdomo wako, Burulkan. Nchi nzima imesikia. Wasema sivyo?" Hakuwa anamkejeli, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Alikuwa ana furaha ya kweli. Aliingia garini akainua viganja kidogo, akavipitisha usoni, gari likaondoka, kondoo akabaki anakula vijiti vya mti wa tufaha.

Burulkan alisimama pale na hasira yake hana pa kuiweka. Amrudishe kondoo? Atawaambia nini? Kwamba ile sauti si yake? Ni yake. Jioni walishapita majirani wanne wakimpongeza kwa ajili ya kondoo, na mmoja akauliza atachinjwa lini ili alete sufuria.

Alimpigia Tilek.

"Apa!" alisema Tilek, amefurahi. "Umeona maoni? Watu wanaandika kutoka Moscow, kutoka Seoul. Kuna mwanamke amempigia babaye simu baada ya miaka tisa."

"Umeninyang'anya neno langu moja, Tilek. Naomba unirudishie."

"Sijaongeza neno, apa. Kila kilichomo umekisema wewe."

"Hujaongeza. Umehamisha. Ile ni dua ya mkate."

"Dua ni dua."

"Mwanangu, ukichukua saini ya mtu kwenye karatasi moja ukaiweka kwenye nyingine, bado ni saini yake. Kule kwetu watu sita wamekufa kwa ujanja wa aina hiyo."

Hilo lilimfikia. Alipumua, na aliporudi sauti ilikuwa imeshuka, laini, ya kumpaka mafuta. "Apa, nikuambie ukweli. Nilisikiliza ule mwisho wako usiku kucha. Unaumiza mno. Mtu anasikiliza saa mbili, ana maumivu yake, anatafuta mlango wa kutokea, na wewe unamfungia. Nilikuhurumia wewe, na nikawahurumia wao."

"Mimi sikukuomba huruma. Rekebisha."

"Kimeshatoka, apa. Nikikibadilisha wataona ni uongo."

"Ni uongo."

"Ndiyo maana siwezi kukibadilisha." Wala hakujisikia alivyosema. Kisha, kama mtu anayempa mtoto peremende, akaongeza kwamba Jumamosi ijayo ni kipindi cha mia moja, ukumbini Bishkek, watu mia nane, kinarushwa moja kwa moja, na wamepanga yeye ndiye afungue kwa dua. "Dakika moja tu. Utaona mwenyewe wanavyokupenda."

Burulkan alitazama dirishani. Kondoo alilia nje.

"Kinarushwa moja kwa moja," alisema.

"Moja kwa moja, apa."

"Na ni dua tu."

"Dua tu."

"Basi nitakuja kuomba dua," akasema Burulkan, akakata simu.

Njia ya Bishkek ni mwendo wa saa sita, na saa zote sita alikaa kiti cha nyuma akipanga jambo moja. Nasema jambo moja kwa sababu lilikuwa moja kweli. Mzee akiinua viganja, kila mtu anainua. Mpaka mzee aseme Amin, hakuna anayefunga mkono, hakuna anayesimama, hakuna anayefungua mdomo. Mtu akimkatiza mzee katikati ya dua, hata wajukuu wake watakuja kuulizwa habari hiyo posa zikipelekwa. Tilek ana vipaza sauti na mikasi, lakini naye alilelewa na bibi yake huko huko milimani.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka ngazini, na ilikuwa alasiri ya jua kali, madirisha yamefungwa mapazia. Jukwaani walitandika zulia la sufu na meza fupi, na juu yake, tazama ufedhuli huo, mkate. Tilek alimshika Burulkan mkono, akamkalisha, akaueleza umati jinsi alivyobadilishwa na mama huyu, na watu wakapiga makofi wengine wakilia tayari. "Apa atatufungulia kwa dua," alisema, akakaa, akainua viganja.

Viganja mia nane mara mbili vikainuka. Burulkan akainua vyake. Akakohoa kikohozi chake.

"Hii ni dua ndefu," alisema. "Mikono itawauma. Yangu pia itauma."

Watu wengine wakatabasamu.

"Jina langu ni Burulkan, na nimewadanganya. Hapana, nimedanganyishwa, lakini sauti ilikuwa yangu, kwa hiyo nabeba. Ile dua mliyoisikia niliombea mkate. Mkate kama huu. Sikumwombea mtu aliyetia saini kwamba daraja letu ni zima wakati nilishampelekea kwa mkono wangu ukurasa unaosema ni bovu."

Tilek alikuwa amegeuka rangi. Viganja vyake vilikuwa bado hewani.

"Mmeambiwa nimeusamehe mto. Mto haujanikosea. Siku ile maji yalikuwa mita moja na sentimita arobaini, ya kawaida kabisa kwa mwezi wa tano, nina daftari. Ukiusamehe mto, mwenye kosa anakwenda nyumbani kula. Miaka ishirini na miwili watu wananijia wananiambia kila jambo lina maana yake, mwanangu alikufa ili mimi nijifunze kitu. Msichana wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa na kichwa kigumu kiasi gani hata nifundishwe kwa bei hiyo? Mimi sikujifunza chochote. Nilifiwa."

Mbele kabisa mwanamke mmoja alikuwa analia bila kuweza kujifuta, maana mikono ilikuwa juu.

"Ayperi, binti yangu, uko wapi?"

Huku nyuma, kwenye meza ya mitambo, mkono mmoja ulipanda juu zaidi ya mingine.

"Yale maneno yangu ya mwisho uliyatupa au unayo?"

Tilek alimtazama Ayperi akamtikisia kichwa, mara moja, mara mbili. Ukumbi mzima ulimwona.

"Ninayo, apa," alisema Ayperi. "Sikuweza kuyafuta."

"Wasikilizishe. Mimi sijasema Amin."

Ayperi alibakiza kiganja cha kushoto hewani, na kwa mkono wa kulia akatafuta kwenye kompyuta. Haikuchukua muda, alikuwa ameyaweka mahali anapopajua. Sauti ya Tilek ikajaa ukumbini, nene, tamu: Lakini umesamehe? Na ya Burulkan, kavu: Sijasamehe. Na usiniulize mara ya pili. Kisha kimya. Kile kimya nacho kilikuwa kimekatwa kwenye kipindi, kumbe kilikuwa kirefu, na ndani yake ilisikika saa ya ukutani ya studio na Tilek anameza mate. Watu mia nane walikisikiliza chote na mikono inawauma.

Sauti ilipokwisha, Burulkan alitazama viganja vyake mwenyewe. Mbele walikuwepo wazee waliojua jambo jingine, kwamba mtu akivigeuza viganja, migongo ya mikono juu, dua huwa laana, na walikuwa wameshika pumzi wakiviangalia. Sitawadanganya kwamba hakufikiria. Alifikiria tangu njiani. Lakini hakuvigeuza.

"Mungu awarehemu Kunduz na wenzake watano," alisema. "Na anayeona waya umelegea, Mungu ampe mdomo. Na anayeambiwa, ampe masikio. Amin."

"Amin," ukumbi ukasema, na mikono yote ikashuka usoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanajikanda mabega. Tilek aliinamia meza, akasema kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti kiliinasa hata hivyo, "Apa, umenivua nguo."

"Vipindi mia umewauliza watu maisha yamewafundisha nini," Burulkan alimwambia. "Na wewe leo umejifunza nini?"

Tilek alitazama mkate. Alifungua mdomo, na ukumbi ukasubiri, na hakupata neno.

"Hicho kimya usikikate," alisema Burulkan, akaomba aletewe koti lake.

Kesho yake asubuhi, saa mbili kasoro, gari jeupe lilikuwa langoni Ak-Kechuu. Sabira alikuwa amesimama kwenye uzio wake, na majirani wengine wawili, hakuna aliyebeba sufuria. Osmonaliev alishuka peke yake. Hakusalimu, wala hakusalimiwa. Aliinama kwenye nguzo akaanza kulifungua fundo alilolifunga mwenyewe, kamba imekaza kwa siku zote zile kondoo alivyokuwa anaivuta. Ilimchukua muda mrefu. Burulkan alisimama na daftari kwapani, karibu kabisa, na hakumsaidia.

Fundo lilipofunguka akashuka mtoni kupima. Maji yalikuwa mita moja na sentimita thelathini na nane.